Jibu langu ni kusubiri

Wiki hii mmeuliza golikipa wa kulipwa anahitaji kitu gani zaidi ili adumu kwenye kazi yake. Najua wengi watasema urefu, wengine wepesi wa mikono, na sikatai, goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, lazima uwe na kitu cha kulijaza. Ila mi nasema kusubiri. Nimekuwa kipa namba mbili misimu kadhaa kwenye timu ya daraja la chini, kwahiyo naongea kitu nilichokikalia kabisa pale benchi.

Winga akikosa namba kulia anaweza kujaribiwa kushoto, au akapewa dakika 20 za mwisho akajionesha. Kipa hana hiyo nafasi. Golini anakaa mtu mmoja, na kocha akishamwamini hamtoi mpaka aumie, ale kadi nyekundu au aboronge mechi tatu mfululizo. Na hapo ndo pagumu kwa moyo, kwasababu yule unayesubiri ateleze ndo yule yule unayempigia mashuti ya kupasha kabla ya mechi, ndo anayekurekebisha mikono ikikaa vibaya, mnalala chumba kimoja mkisafiri, alafu akifungwa goli la kizembe unashtuka kuona kuna kitu ndani yako kimefurahi. Mi ilinichukua muda mrefu kuizoea ile hali na hakuna aliyeniandaa nayo.

Mfano kipa wa Argentina, Emiliano Martínez, alifika Arsenal 2010 akiwa kijana, akatolewa kwa mkopo timu hii mara ile, mpaka 2020 kipa wa kwanza alipoumia ndo akadaka mechi mfululizo, wakabeba Kombe la FA akahamia Aston Villa. Miaka miwili baadaye ile fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa, dakika za mwisho kabisa za nyongeza, straika wa Ufaransa Kolo Muani kabaki naye peke yake na Martínez akaupangua mpira kwa mguu. Kipa Édouard Mendy naye 2014 aliachwa na Cherbourg, timu ya Ufaransa, akakaa kama mwaka mzima hana timu, na ndo huyo huyo 2021 alichukua Ligi ya Mabingwa na Chelsea, mwanzoni mwa 2022 akabeba AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, na Senegal.

Alafu kuna kusubiri kwa ndani ya mechi, hii watazamaji hawaioni. Timu yako inashambulia dakika 70 hujagusa mpira, mwili unapoa, macho yanachoka, ghafla kaunta moja, shambulizi la kushtukiza, na wewe ndo wa kuamua matokeo. Mi niliingia siku moja kama dakika ya 80, mwenzangu kaumia bega, mpira wa kwanza ni kona, nikatoka kuufuata sikuufikia na wakafunga. Kocha wa makipa hakunifokea, aliniuliza tu kabla hujaingia ulishika mipira mingapi. Sikuwa nimeshika hata mmoja, nilikuwa nimekaa nimejifunika jaketi. Toka siku ile kila mapumziko nilikuwa natafuta mtu anipigie krosi hata kumi, hata kama najua kabisa siingii.

Penalti pia ni hivo hivo. Mpigaji yuko mita 11, sheria inakutaka mguu mmoja uwe kwenye mstari mpaka apige, na kipa anayewahi kuruka anakuwa kashamwonesha mpigaji pa kuweka. Ukivumilia kidogo tu zaidi unapata kuuona mguu wake uliosimama umeelekea wapi.

Kusubiri kubaya kuliko kote ni kule kwa baada ya kosa. Barbosa wa Brazil alifungwa na Uruguay kwenye mechi ya kuamua bingwa wa Kombe la Dunia 1950 pale uwanja wa Maracanã, alikuwa kipa bora wa kizazi chake, lakini lile goli la Ghiggia watu walimbebesha mpaka anafariki mwaka 2000. Miaka 50! Straika akikosa goli la wazi wiki ijayo anafunga yanaisha, kipa hana bao la kufutia, anangoja tu watu wasahau, na hawasahau.

Ila ukiweza hayo yote kazi yenyewe inakulipa kwa umri. Dino Zoff wa Italia alinyanyua Kombe la Dunia 1982 ana miaka 40, Buffon alianza 1995 akastaafu 2023, na El-Hadary wa Misri alipangua penalti ya Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45.

Na bado hata ukifanya kila kitu sawa unaweza kurudishwa benchi. Tim Krul wa Uholanzi kwenye Kombe la Dunia 2014 alikaa nje mechi zote za mwanzo, robo fainali na Costa Rica kocha Van Gaal akamuingiza dakika ya 120 kwa ajili ya matuta ya penalti, akaruka upande sahihi mikwaju yote mitano, akaokoa miwili, Uholanzi ikapita. Nusu fainali na Argentina wakaanza na kipa namba moja Cillessen kama kawaida, ikafika matuta tena, nafasi za kubadilisha wachezaji zilikuwa zimeshaisha, na Krul alikuwa amekaa pale nje anaangalia.