Muulize Fundi: Mkia wa helikopta unanikimbia, nifunge mapanga marefu zaidi?

SWALI: Mambo fundi. Nina helikopta ya rimoti ya umeme, klasi ya 700 (hiyo ni namba ya saizi yake), nimeirusha sana nikiwa Houston na haikuwahi kunisumbua. Sasa nimehamia Denver kikazi, na kwa vile nilitaka betri ikae muda mrefu hewani nikashusha spidi ya panga kubwa la juu kutoka mizunguko 2000 kwa dakika mpaka 1500. Tangu hapo nikiipandisha kwa nguvu mkia unatoka wenyewe, pua inaenda pembeni, nikipunguza inatulia. Mapanga ya mkia ni yaleyale ya milimita 105 yaliyokuja nayo. Jamaa mmoja ananiambia weka 115, mwingine anasema 700 ni 105 basi, usibadilishe. Nimsikilize nani? (Msomaji, Denver, Marekani)

JIBU: Ndugu yangu, huyo wa 105 basi anasoma boksi, hasomi helikopta yako. Ni kweli kuna saizi zilizozoeleka, 450 huwa na mapanga ya mkia ya milimita 60 na kitu, 500 ni kama 70, 550 ni 85 hivi, 600 ni 95 na 700 ni 105, lakini hizo zimepangwa kwa spidi ambayo mtengenezaji alitegemea utarukia. Wewe spidi umeibadilisha, na hewa pia umeibadilisha, kwa hiyo ile namba ya boksi imebaki ni pa kuanzia tu.

Angalia kilichotokea. Mkia unazungushwa na gia zilezile za panga kubwa, ukishusha juu na nyuma kunashuka, na nguvu ya panga kusukuma hewa inaenda na spidi mara spidi. Kutoka 2000 kwenda 1500 ni robo tatu ya spidi, ila nguvu ya mkia inabaki kama asilimia 56 tu, yaani karibu nusu imeondoka! Na wakati huohuo, ukivuta nguvu ileile ya mota kwa spidi ndogo, ule msokoto unaotaka kuigeuza bodi unaongezeka kwa theluthi moja. Kazi imeongezeka, mfanyakazi amepungua.

Halafu ndo inakuja Denver. Mji uko mita 1,600 na kidogo juu ya usawa wa bahari, Houston iko karibu na bahari kabisa, na hewa ya Denver ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Watu wengi wanasema aah, panga kubwa nalo linapata hewa hiyohiyo nyepesi kwa hiyo mambo yanalingana. Kwa helikopta ya mafuta sawa, maana injini nayo inavuta hewa hiyohiyo na inachoka pamoja na mkia. Ila mota ya umeme haipumui, inaweza kutoa msokoto uleule Houston na Denver, mkia peke yake ndo umepungukiwa. Hata ndugu zetu wa Nairobi, ambako ni juu zaidi ya Denver, wakumbuke hili wakinunua helikopta ya umeme.

Sasa je 115 itasaidia? Itasaidia. Kama upana wa panga ni uleule na tundu la skrubu liko kama milimita 25 kutoka katikati ya shafti, kuongeza milimita 10 kunakupa karibu robo zaidi ya msukumo kwa spidi ileile. Lakini ukipandisha spidi ya juu kutoka 1500 mpaka 1700 unapata asilimia 28, na hujatoa hata senti moja! Kwa hiyo mimi ningeanza na 1700 kwenye gavana (kile kinachoshikilia spidi ya panga), niruke, niangalie. Ukiona bado na unataka kubaki chini kwa ajili ya betri basi nunua 115, ila ujue panga refu nalo linakula umeme, mzigo wa kulizungusha unapanda kwa theluthi hivi, gia za mkia na savo (mota ndogo inayogeuza pembe ya mapanga ya mkia) vinabeba zaidi, sehemu ya ule muda uliokuwa unautafuta itaishia hapo.

Kabla ya yote hayo lakini, hakikisha mapanga ya mkia yanageuka mpaka mwisho wa pembe yake. Jairo (kifaa kinachohisi mkia ukigeuka na kuurekebisha) ina limiti ya savo, ukikuta imewekwa fupi panga halifiki mwisho hata ununue ya urefu gani. Sukuma stiki ya mkia kwenye rimoti mpaka mwisho pande zote mbili, slaida (kile kipande kinachoteleza kwenye shafti ya mkia) ikaribie mwisho wa shafti bila kugonga wala kukwama. Kama mkia wako ni wa mkanda angalia mkanda haujalegea.

Na ukishafunga 115, kabla ya kuunganisha betri, nyoosha panga kubwa liwe sambamba na bomba la mkia, geuza panga la mkia kwa mkono ncha zielekeane, upime nafasi iliyobaki. Kumbuka panga kubwa linapinda likiwa kazini. Nafasi ikiwa ya kubahatisha usirushe, rudisha 105 na upandishe spidi. Angalia na chini pia, ncha isifike kwenye nyasi helikopta ikiwa imesimama.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi niko Muscat, nina 450. Kwa ajili ya joto nikafunga mapanga ya mkia marefu kidogo kuliko ya mwanzo, sasa mkia unatetemeka kushoto kulia haraka haraka hata ikiwa imetulia hewani. Nifikirie kuyakata kidogo? (Msomaji, Muscat, Oman)

JIBU: Marahaba. Usikate, tafadhali sana. Panga la kaboni ukilikata unafungua ndani yake, uzito wa mawili haulingani tena, na vumbi la kaboni si la kuvuta kifuani. Mkia huu unazunguka kwa kasi mno, hata kwa yule ndugu wa Denver alipokuwa kwenye 2000, kama gia yake inazidisha mara 4.5, ncha ilikuwa inapita kilomita 440 kwa saa. Kipande kikiruka kwa mwendo huo kinamkuta mtu.

Joto umelisoma sawa, hewa ya digrii 45 ni nyepesi kama asilimia 9 kuliko ya digrii 15. Tatizo lako naona ni geini, yaani ukali wa jairo kujibu. Panga refu linajibu kwa nguvu zaidi, jairo bado inaamuru kama zamani, inapitiliza, inarudisha, inapitiliza tena. Shusha geini pointi chache chache mpaka mtetemeko uishe, kisha pandisha kidogo tu. Ikigoma kabisa, shika panga la mkia utikise, kama kuna mchezo kwenye slaida au beringi geini haitakuponya, badilisha hicho kilicholegea. Skrubu za mapanga zibane kiasi, panga liweze kujinyoosha lenyewe likianza kuzunguka lakini lisining'inie ovyo. Na ukienda kununua mengine beba moja la zamani dukani, ulinganishe tundu la skrubu na unene wa shina, na urefu upime mwenyewe kuanzia katikati ya tundu mpaka ncha.