Madogo wa otomesheni, njooni niwape somo la VxWorks

Wadogo zangu mnaoingia viwandani mwaka huu, hasa nyie mliotoka chuo na vyeti vya netiweki mkadhani PLC, kile kidhibiti kinachoendesha mashine za kiwanda, ni kompyuta ndogo tu imefungwa kwenye paneli, kaeni hapa kidogo. Mimi nilidhani hivyohivyo mpaka siku niliyozima mkanda wa kiwanda cha saruji kwa laptopu yangu mwenyewe, nitafika huko.

VxWorks ni mfumo endeshi wa kampuni ya Wind River ya Marekani, upo sokoni tangu 1987. Huuoni kwa sababu umejificha ndani ya PLC, rilei za kulinda laini za umeme, printa, mashine za hospitali, hata vile vigari vya NASA vinavyozurura Mars kina Curiosity vinautumia. Sifa yake ni kutochelewa, valvu ikitakiwa kufunga ndani ya milisekunde kadhaa inafunga, hakuna cha ngoja kidogo.

Sasa Julai 2019 watafiti wa kampuni ya Armis wakaja na matundu 11 ya usalama ndani ya VxWorks kwa mpigo wakayaita URGENT/11, 6 kati yake yanamwezesha mtu kuendesha kodi yake ndani ya kifaa chako akiwa mbali, na walikadiria vifaa milioni 200 vimeguswa. Matundu yalikuwa kwenye IPnet, ile sehemu inayopokea na kutuma paketi, yaani vipande vya data vya mtandaoni. Manne yanatokana na kitu cha kale ndani ya TCP (kanuni za kusafirisha data mtandaoni), alama ya dharura, ambayo inamwambia mpokeaji kwamba data hii ina haraka, na siku hizi karibu hakuna anayeitumia ila kodi yake lazima iwepo. Mojawapo lenyewe ukilielewa unacheka kwa uchungu: unatuma paketi yenye alama hiyo, ila namba inayoonyesha data ya haraka inaishia wapi unaiweka sifuri, programu inatoa moja kwenye sifuri, na kwa kuwa namba hiyo haina hasi inageuka kuwa bilioni nne na ushee, ndiyo inayochukuliwa kama kikomo, basi data inamwagika nje ya bufa, ile nafasi iliyotengewa kwenye kumbukumbu. Lingine halihitaji hata poti iliyo wazi, linapita kwenye opsheni za IP zenyewe, yale maelekezo ya ziada kichwani mwa paketi. Hata baadhi ya faiawoli (vifaa vya kuchuja paketi) zilizotakiwa kutulinda, za SonicWall, zilikuwemo kwenye orodha.

Bosi akaniuliza, tuna VxWorks sisi? Nikajibu hatuna, kwa kujiamini kabisa, maana orodha yangu ya vifaa ilikuwa na majina ya kampuni tu, hakuna mahali pameandikwa ndani kuna nini. Na hapo ndipo wengi mtateleza. IPnet yenyewe ilitengenezwa na Interpeak ya Sweden, ambao Wind River waliwanunua 2006, ila kabla ya hapo walishaiuza leseni kwa wengine, ndo maana Oktoba 2019 CISA (wakala wa usalama wa mitandao) na FDA (wa dawa na vifaa tiba) za Marekani zikaonya kwamba baadhi ya matoleo ya mifumo endeshi mingine kama INTEGRITY, ThreadX na OSE nayo yanaweza kuwa na ugonjwa uleule. Kwa hiyo hata ukisema hatuna VxWorks bado hujajibu swali.

Mimi nikaona njia ya mkato ni kuskani mtandao mzima, yaani kutuma paketi kwa kila kifaa nione kinajibu nini, saa nne asubuhi, uzalishaji umepamba moto. Kadi moja ya mawasiliano ya zamani ikaganda, mkanda ukasimama, kinu kikafuata. Msimamizi wa shifti, mzee wa watu, hakupiga hata kelele, alinitazama akasema "Injinia, hicho kidude chako kichomoe kwanza, halafu tuongee." Tangu siku hiyo sipigi paketi kwenye mtandao wa mashine nisiouelewa, naomba poti ya kioo kwenye swichi, inayonakili paketi zinazopita, nasikiliza tu, na kilichobaki nazunguka kwa miguu na daftari, nafungua paneli moja baada ya nyingine naandika modeli na toleo la fimwea (programu iliyo ndani ya kifaa), jioni nalinganisha na matangazo ya watengenezaji. Ilinichukua wiki tatu. Vifaa tisa vilikuwemo kwenye matangazo hayo!

Pachi, yaani marekebisho ya kuziba matundu, nayo isiwadanganye. Wind River walitoa marekebisho mapema, lakini wewe huwezi kuyaweka kwenye PLC, unamsubiri aliyetengeneza PLC atoe fimwea yake, halafu unasubiri kiwanda kisimame kwa matengenezo ya mwaka, unajaribu kwenye spea, unahifadhi programu na seti zote kabla hujagusa. Kuna kifaa mtengenezaji atakwambia hakitapata kamwe. Armis walisema Desemba 2020 kwamba asilimia 97 ya vifaa vya viwandani vilivyoguswa vilikuwa bado havijawekewa pachi, na mimi sikushangaa hata kidogo.

Cha kufanya wakati unasubiri pachi ni hiki, tenganisha mtandao wa mashine na wa ofisi, na kwenye faiawoli weka sheria ya kuzuia paketi za TCP zenye ile alama ya dharura pamoja na zile zenye opsheni za IP za kuchagua njia. Sheria mbili tu! Ila anza kwa kuzirekodi bila kuzuia wiki nzima, uone kama kuna mashine ya babu zetu bado inazitumia.

Ile kadi iliyoganda bado ipo kazini, tumeiwekea kifaiawoli chake peke yake, na mlangoni mwa paneli yule mzee alibandika karatasi ameandika kwa kalamu ya bluu: HAPA HAPASKANIWI.