Kichefuchefu na miwani ya kuzamia inayojaa ukungu

Umeuliza ufanyeje usitapike kwenye boti ya mwendo kasi ukienda visiwani nusu siku, na kwa nini miwani ya kuzamia hujaa ukungu.

Kidonge cha kichefuchefu meza saa moja kabla ya kuondoka. Ukisubiri tumbo lichafuke, umechelewa. Kaa nyuma, tezini, utazame mbali baharini, si simu. Omo, yaani mbele ya boti, ndiyo inayodundwa na mawimbi, haimfai mwenye mgongo mbovu.

Miwani ndiyo huwaharibia wengi siku. Ikiwa mpya, kioo kina utando wa kiwandani unaoshika ukungu: kisugue upande wa ndani kwa dawa ya meno, suuza, rudia mara mbili tatu (kioo halisi tu, plastiki itachubuka). Kabla ya kuingia majini tema mate ndani, pakaza, suuza kidogo.

Kuipima, iweke usoni bila kamba, vuta hewa kwa pua. Ikinata, inakufaa. Ikivuja usikimbilie kukaza kamba, maana mpira hupinda na kuvuja zaidi. Tafuta kwanza unywele au sharubu zilizobanwa ukingoni. Mrija wa kupumulia ukiingia maji, puliza kwa nguvu mara moja, puu!, kisha vuta pumzi taratibu.

Na vaa fulana ya mikono mirefu. Mgongo ndio huungua.