Kabla hujachomelea, kaa chini

Juzi kijana mmoja wa chuo kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka, naomba michoro ya ile mashine yako ya msasa, nina mradi wa mwaka wa mwisho." Michoro tu. Mtu atakayeitumia hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana na mimi nilianza hivyo hivyo.

Mashine yangu ya kwanza niliichomelea mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam: mota ya nusu hospawa, ngoma ya msasa, puli mbili, rangi ya bluu inayong'aa. Ilikula karibu laki nane, na ilikuwa nzuri, nasema bila aibu. Nikaipeleka Mwenge kwa wachonga vinyago, kwa mzee mmoja wa Kimakonde niliyemwahidi kwamba kazi ya kusugua kutwa nzima itaisha kwa saa moja. Wiki tatu baadaye nikakuta katundika shati lake kwenye ngoma.

"Mzee, mbona huitumii?"

"Mwanangu, hiyo yako inataka nisimame kama askari wa lindo."

Nilikasirika. Moyoni nikasema wazee hawa hawataki maendeleo. (Upuuzi huo bado nausikia kwenye semina, na wanaousema hawajawahi kushika tupa.) Vipimo nilivitoa kitabuni, na kitabu hakikusema uongo: kwa kazi nyepesi ya kusimama, meza iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Ila mzee hasimami, na kazi yenyewe si nyepesi.

Siku nilipokubali kukaa naye chini ndipo nikaona. Yuko kwenye kigoda kifupi, miguu kainyoosha, kinyago kakibana kati ya nyayo. Miguu ndiyo jiliwa lake, kibanio chake cha kazi. Anakigeuza kwa kidole gumba cha mguu, mkono wa kushoto unapapasa palipobaki mikwaruzo, wa kulia unasugua. Na mpingo ule ukiutupa majini unazama. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya miguu, nikayaachia mabega yabebe uzito wote hewani, tena mbele ya ngoma inayotetemeka. Nilijaribu mwenyewe na kinyago cha kilo 2. Dakika kumi tu, mabega yanawaka moto.

Ya pili nikaishusha. Ekseli ya ngoma ikakaa sentimita 40 kutoka chini, usawa wa kiwiko chake akiwa kigodani. Nikaweka egemeo la raba la kulaza kinyago, swichi ya kukanyaga inayozima ukiondoa mguu, na feni ya kuvuta vumbi, kwa sababu vumbi la mpingo linawasha macho na pua. Miezi minne ya katikati siielezi, ilikuwa kukata na kuchomelea upya. Sasa wanaitumia wachongaji wanne.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuwatengenezea mashine wasuka ukili, wafinyanzi, yeyote yule: kaa chini kwanza. Pima viwiko vya watu wako. Angalia miguu inafanya nini wakati wewe unatazama mikono. Kisha kaa chini tena. Siku hizi tunapiga picha na mashine kabla fundi hajaigusa, tunataka tuzo kabla ya jasho, halafu tunalalamika kwamba hatuungwi mkono!

Nami tuzo niliitaka, nisijifanye mtakatifu. Niliipeleka kwenye shindano moja, jaji akauliza mbona imekaa kishamba hivyo, chini chini. Sikupata hata cheti. Baadaye karakana fulani ikaiiga ilivyo, kasoro wakairefusha miguu ionekane ya kisasa. Hiyo bado inaniuma kuliko cheti.

Kijana, michoro sikutumii. Njoo Mwenge Jumamosi na futi kamba. Mzee anaanza saa mbili asubuhi, na kigoda cha pili kipo.