Kucheza bingo kwa ajili ya kuwachangia watoto wenye ulemavu

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Ninaishi Uyole, Mbeya, na ni mjumbe wa kamati ya chama kinachowasaidia watoto wenye ulemavu. Wenzangu, wengi wao Wakristo, wanaandaa usiku wa bingo: kila mtu ananunua kadi kwa shilingi 5,000, namba zinaitwa, na anayewahi kujaza mstari anapewa zawadi, kama mbuzi au gunia la mchele wa Kyela. Fedha zinazobaki zitanunua viti vya magurudumu. Je, nikinunua kadi kwa nia ya sadaka kuna ubaya? Mwaka jana nilicheza bila kujua hukumu yake, nikapata mchele, na tumeshaula.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, mchezo ulioueleza ni kamari, kwa sababu kila anayeingia hutoa mali yake bila kujua kama atapata zaidi ya alichotoa au atakikosa chote, na kinachoamua ni namba itakayotoka. Kwa hiyo haijuzu kuucheza, wala kuuza kadi zake, hata kama faida inakwenda kwa watoto.

Najua jibu hili ni zito kwako, kwa kuwa unawaona watoto hao kila siku. Lakini usidhani kwamba kamari ya kuwasaidia wanyonge ni jambo jipya. Wafasiri wa Qur'ani wanaeleza kwamba Waarabu wa zama za Jahiliyya, yaani kabla ya Uislamu, hasa nyakati za baridi na njaa, walikuwa wakichinja ngamia na kumpigia kura kwa mishale 10, ambayo 7 kati yake ilikuwa na mafungu na 3 haikuwa na kitu. Waliokosa ndio waliolipa bei ya ngamia, na walioshinda waliwagawia maskini nyama, wakiona aibu kuila wenyewe. Aliyekataa kushiriki aliitwa bahili. Ndiyo maana Suratul Baqara, aya ya 219, inakiri kwamba kamari ina manufaa kwa watu, kisha inasema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi hoja ya wenzako ilikwishakuwapo wakati aya inateremka, nayo ilijibiwa.

Ama nia ya sadaka, ikiwa moyo wako umeridhika kutoa shilingi 5,000, zitoe na uiache kadi.

Zungumza na kamati kwa upole kabla kadi hazijachapishwa, na usiende mikono mitupu. Waambie kwamba mbuzi yuleyule na mchele uleule, vikitolewa na wafadhili, vinaweza kupigwa mnada: mnunuzi anajua anacholipa na anachopata, hivyo hiyo ni biashara halali, mradi asipangwe mtu wa kupandisha bei asiyekusudia kununua, kwani Mtume (S.A.W.) amelikataza hilo. Mnaweza pia kuuza chakula, au kazi za mikono za walemavu wenyewe. Iringa kuna karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa na Waanglikana mwaka 2003, ambako wenye ulemavu wanaishi kwa jasho lao, na wema huo tuukubali kwa yeyote aufanyaye. Waislamu wa mtaani kwenu nao wakumbushwe kwamba mtoto mlemavu wa familia maskini anastahiki zaka kwa umaskini wake. Isitoshe, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka michezo hiyo iwe na leseni, na hilo linawahusu wajumbe wote, wa dini yoyote.

Kuhusu mchele mlioula, ulicheza bila kujua, basi omba maghufira na uazimie kutorudia, hulazimiki kuulipa. Ukipenda kutuliza moyo, kadiria thamani yake uwape maskini kidogo kidogo kadiri ya uwezo wako, bila kuinyima familia yako chakula.

Wallahu a'lam.