Karakana imekua, kila fundi anamsubiri bosi

SWALI: Nina karakana ya samani Morogoro. Tulianza watu 6, sasa tuko 18 pamoja nami. Zamani kabati lilitoka kwa siku tano, siku hizi wiki mbili, na kila fundi anasubiri nimwambie afanye nini. Nigawe idara kama kampuni kubwa, au niunde timu?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kumlaumu fundi yeyote, piga hesabu. Watu 6 wana jozi 15 za watu wawili wawili wanaopaswa kuelewana. Watu 18 wana jozi 153. Zote zikipitia kwako, kazi lazima ilale.

Idara (kupasua mbao, kuunga, vanishi) hufaa kama bidhaa ni ile ile, tuseme madawati 200 ya shule, maana fundi anakuwa mwepesi kwenye kazi moja. Ubaya wake uko kwenye makabidhiano. Kabati limeshaungwa, linakaa pembeni siku tatu likila vumbi kwa sababu watu wa vanishi wana foleni yao. Mlango ukigoma kufunga, muungaji anasema mbao zilipasuliwa vibaya, mpasuaji anasema zilikuja mbichi. Kabati halina mwenyewe.

Kwa oda za wateja mbalimbali, unda timu tatu za watu watano, kila moja ishike oda kuanzia vipimo hadi kwa mteja. Mashine ya kupasulia na stoo vibaki na watu wawili wanaohudumia timu zote. Kiongozi wa timu awe fundi anayeshika randa, si msimamizi wa kuzunguka na daftari. Toyota hufanya hivyo: mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, kiongozi wake anafika hapo hapo, na wasipoitatua kwa wakati mstari wa kuunda magari unasimama.

Andika mipaka ya madaraka. Kwa mfano, kiongozi anunue gundi, misumari au bawaba hadi shilingi 30,000 bila kukuuliza. Bei na ajira zibaki kwako. Usipoandika, utapigiwa simu kwa bawaba mbili. Hata Buurtzorg, kampuni ya wauguzi wa majumbani iliyoanza Uholanzi mwaka 2006, ambako timu zisizozidi watu 12 hujipangia kazi bila meneja, ina ofisi kuu ya malipo na makocha wa kuzisaidia.

Ugomvi wa kwanza utakuwa zamu ya mashine. Weka ubao wa ratiba, mkutane mbele yake dakika 10 kila asubuhi. Na bonasi ilipwe kwa timu, baada ya mteja kupokea mzigo. Ukilipa kila mtu kwa kipande chake, hakuna atakayemshikia mwenzake ubao.

SWALI: Mwenyekiti wa AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) humwagiza mtunza ghala atoe mbolea bila meneja kujua. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Mkutano mkuu huchagua bodi, bodi huajiri meneja, na meneja ndiye anayewasimamia watumishi. Mwenyekiti ana sauti ndani ya kikao cha bodi, si mlangoni pa ghala. Mtunza ghala asitoe mfuko hata mmoja bila hati yenye saini ya meneja, kwani siku ya kuhesabu mali, upungufu utaandikwa kwa jina lake.