Maswali ya Wasomaji: Mafungu ya Nyota Kwenye Kamera

Mvua zikishakatika kanda ya kati, barua za wenye darubini huongezeka. Safari hii tumechagua za wanaotaka kupiga picha mafungu ya nyota, yale ya wazi yenye nyota makumi au mamia zilizotawanyika, na yale ya mviringo ambamo nyota malaki kwa malaki zimesongamana mahali pamoja.

Nina darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 130 na urefu wa fokasi milimita 650, na kamera ya Canon ya lenzi za kubadilisha. Kwa jicho naona vizuri. Nikichomoa lenzi ya jicho na kufunga kamera, kila kitu ni ukungu hata nikizungusha fokasa, kile kifaa cha kunolea picha, hadi igote. Kamera imeharibika? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

Kamera ni nzima na darubini ni nzima. Tatizo ni umbali. Darubini nyingi za bei nafuu za aina hii zimetengenezwa kwa ajili ya jicho, kwa hiyo picha ya nyota hutua karibu sana na mdomo wa fokasa. Kihisi cha Canon hiyo, kile kipande kinachopokea mwanga, kimejificha milimita 44 ndani ya mwili wa kamera, na ukiongeza ringi ya T, pete ya kuungia kamera kwenye darubini, jumla inafika milimita 55. Fokasa inagota kabla kihisi hakijafika pale picha inapotua.

Hakikisha kwanza kwa Mwezi. Ukizungusha fokasa kuingia ndani na duara la Mwezi likawa linapungua na kunoa, kisha safari ikaisha kabla halijanoa kabisa, ndilo hilo. Likinoa unapotoa nje, una bahati: unahitaji bomba fupi la kurefushia tu.

Dawa ya haraka ni lenzi ya Barlow ya mara 2 kati ya fokasa na kamera. Inasukuma picha nje, lakini inageuza milimita 650 kuwa 1,300, na utahitaji muda mara nne kupata mwanga uleule. Kwa fungu dogo kama NGC 4755, lile la Sanduku la Vito kwenye Salibu ya Kusini, haina neno. Kwa mafungu mapana haifai.

Dawa ya kudumu ni kusogeza kioo kikuu mbele. Ingiza fokasa ndani kabisa, elekeza kwenye Mwezi, shika karatasi nyembamba nyuma ya mdomo wa fokasa na uisogeze hadi Mwezi unoe juu yake. Pima umbali huo. Ukipata milimita 25, toa kwenye 55: kioo kinatakiwa kusogea milimita 30, nawe ongeza 5 za akiba. Fundi wa vyuma atakupatia boliti ndefu zaidi na springi zinazolingana nazo. Baada ya hapo vioo lazima vipangwe upya, kingo za picha zinaweza kufifia kidogo kwa sababu kioo kidogo sasa kinapokea mwanga mpana zaidi, na lenzi ya jicho itahitaji bomba la kurefushia. Anayenunua kamera mpya isiyo na kioo cha ndani aangalie adapta yake: kihisi chake kiko milimita 16 hadi 20 tu kutoka mdomoni, lakini adapta nyingi ni ndefu na hurudisha ile 55. Tafuta fupi.

Shikamooni. Stendi yangu haina mota. Nikiacha shata wazi sekunde 5 kwenye darubini ya milimita 650, nyota zinakuwa vijiti. Nifungue sekunde ngapi? (Mwanafunzi, Kongwa)

Marahaba. Anga huzunguka sekunde-tao 15 (digrii moja ina sekunde-tao 3,600) kila sekunde moja ya saa. Kwa kamera yenye pikseli za mikromita 4.3 na darubini yako, pikseli moja ni sekunde-tao 1.4 hivi, kwa hiyo nyota iliyo kwenye ikweta ya anga, mstari ulio juu ya ikweta ya dunia, inaruka pikseli 11 kwa sekunde. Hapo hata theluthi ya sekunde ni nyingi.

Lakini nyota zilizo karibu na ncha ya anga, pale anga linapoonekana kuzungukia, huzunguka duara dogo, hivyo huenda taratibu. Fungu la mviringo la Omega Centauri, lililo digrii 47 kusini ya ikweta ya anga, linasogea pikseli 7 kwa sekunde. Jingine la mviringo, 47 Tucanae, lililo digrii 72 kusini, linasogea 3 na kitu tu. Kwa hiyo kwa Omega fungua nusu sekunde, kwa 47 Tucanae sekunde moja, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 3200, na upige picha 200 au 300 za kurundikwa pamoja na programu. DeepSkyStacker na Siril zote ni za bure. Ukirundika picha mara nne zaidi, chengachenga hupungua kwa nusu, basi wingi ndio mtaji wako. Kila baada ya picha 20 rudisha fungu katikati.

Kusema kweli, bila mota tungeanza na lenzi ya milimita 50 juu ya tripodi ya kawaida, sekunde 4, kwenye eneo la mafungu ya wazi ya M6 na M7 karibu na mkia wa kundinyota la Nge. Yote mawili yanaingia kwenye picha moja, na matokeo yatakufurahisha kuliko kupambana na darubini inayotikisika. Tumia rimoti au kipima muda. Kidole kwenye kitufe kinatosha kuharibu picha.

Nimenunua stendi ya ikweta yenye mota. Maelekezo yanasema nitafute nyota ya ncha kwenye kidarubini cha mhimili. Sioni kitu. Zaidi ya hapo mhimili haushuki chini ya digrii 15, na uzito wa kusawazishia unagonga mguu wa tripodi. Picha za sekunde 60 zinavutika. (Msomaji, Singida mjini)

Stendi hizi, ambazo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga ili zifuate mzunguko wake, zimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, ambako ncha iko juu sana angani. Singida iko digrii 5 hivi kusini ya ikweta, na ncha ya kusini iko digrii hizo hizo juu ya upeo wa macho, ndani ya vumbi na moshi wa mashamba. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata kwa anga safi. Achana na kidarubini hicho.

Anza na miguu. Geuza tripodi ili miguu miwili iwe kusini na mmoja kaskazini, uzito upite katikati ya ile miwili. Kisha shughulikia digrii zinazokosekana. Mhimili umegota kwenye 15 nawe unataka 5, kwa hiyo tripodi nzima ilale kusini digrii 10. Kama kutoka mguu wa kaskazini hadi mstari wa miguu miwili ni sentimita 80, uinue mguu wa kaskazini sentimita 14. Tofali la inchi 6 linatosha, na kinachozidi utakirekebisha kwa skrubu ya mwinuko. Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu, maana stendi iliyoinama hupenda kuanguka. Kipima maji hakina kazi tena. Stendi haihitaji kuwa sawa na ardhi, inahitaji mhimili wake uelekee kwenye ncha.

Elekeza mhimili kusini kwa dira, kisha umalizie kwa kutazama nyota inavyoteleza. Kwanza jua kaskazini ni wapi kwenye skrini ya kamera: sukuma mdomo wa bomba kidogo kuelekea kusini, na upande nyota inakokimbilia ndio kaskazini.

Chukua nyota iliyo karibu na utosi, yaani juu ya kichwa, isiyo mbali na ikweta ya anga, inapovuka mstari wa kaskazini na kusini. Washa mota, kuza picha mara 10, ungoje dakika 5. Usijali kuyumba kwa mashariki na magharibi. Nyota ikiteleza kaskazini, mhimili umeelekea mashariki mno: uzungushe magharibi kidogo. Ikiteleza kusini, fanya kinyume. Ikitulia, hamia kwenye nyota ya mashariki iliyo digrii 25 au 30 juu ya upeo. Hapo ikiteleza kaskazini mhimili uko chini mno, uinue. Ikiteleza kusini uko juu mno, ushushe. Kisha rudia ile ya kwanza, kwa kuwa ukigusa skrubu moja nyingine nayo husogea. Dakika 5 bila kuteleza zinatosha kwa picha za sekunde 60 hadi 90.

Upande wa mashariki uwe mzito kidogo kuliko wa magharibi ili meno ya gia yakae yameshikana. Hata hivyo baadhi ya picha zitavutika mashariki na magharibi kwa sababu gia si kamilifu. Zitupe. Na kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa huku ni tatizo kubwa kuliko gia: usirefushe miguu ya tripodi, kaa nyuma ya ukuta.

Omega Centauri yangu ni doa jeupe katikati. Rangi sizioni. (Msomaji, Kondoa)

Umeunguza kitovu. Punguza ISO hadi 800, piga faili za RAW (picha ghafi), na fanya seti mbili: picha 30 za sekunde 60 kwa nyota za pembeni, na picha 40 za sekunde 10 kwa kitovu. Rundika kila seti peke yake, kisha uziunganishe. Nyota ikishajaa mwanga kihisi hakiwezi kujua kama ni ya bluu au ya chungwa, zote zinatoka nyeupe. Seti fupi ndiyo itakayokurudishia majitu mekundu, yaani nyota kubwa nyekundu, yaliyomo humo.

Piga pia picha 20 za giza, mfuniko ukiwa juu ya bomba, kwa muda na ISO zilezile, usiku uleule. Halafu picha 20 za mwanga sawasawa: funika mdomo wa bomba kwa fulana nyeupe iliyonyooshwa na uelekeze kwenye anga la alfajiri. Usiguse fokasa wala kuzungusha kamera kabla ya hizi, zitakosa maana. Hizi ndizo zinazofuta vivuli vya chembe za vumbi, na Kondoa vumbi mnalo la kutosha.

Mwanzoni mwa Juni fungu hili hufika juu kabisa saa tatu na nusu usiku hivi, digrii 47 upande wa kusini. Lipige saa moja kabla na saa moja baada.

Kioo kikuu kimejaa vumbi. Nikifute kwa kitambaa cha miwani? (Msomaji, Bahi)

Hapana. Vumbi la huko lina chembe za mchanga na litachora kioo. Puliza kwa pampu ya mpira. Kama bado ni kichafu sana, kitoe, kioshe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo bila kusugua, suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea kwenye betri yanayouzwa vituo vya mafuta, kisha kisimamishe kikauke. Soma chupa vizuri: ya asidi itamaliza kioo na vidole. Vumbi kidogo halidhuru picha, acheni kuosha kila mwezi.

Mbona Kilimia sikipati jioni mwezi Juni? (Msomaji, Mpwapwa)

Kilimia, fungu la wazi, kimetoka tu nyuma ya Jua na huonekana kabla ya mapambazuko. Wazee walishasema, «Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.» Mwanzoni mwa Oktoba huchomoza saa nne usiku hivi, na katikati ya Novemba jioni mapema, kikifika digrii 60 upande wa kaskazini baada ya usiku wa manane. Hiyo ndiyo nafasi yako kabla mawingu ya Desemba hayajafunga.

Kina upana wa karibu digrii 2. Darubini ya milimita 650 kwenye kihisi kidogo huona digrii 2 kwa 1.3, kwa hiyo kitabanwa. Funga lenzi ya milimita 135 au 200 juu ya stendi yenye mota, sekunde 60, ISO 800. Nyota zitatoka kwa picha chache. Utando wa bluu unaozizunguka unataka jumla ya saa moja au zaidi, mbali na taa za mji, usiku usio na Mwezi.